Maswali kwa Mama Mkunga: 24, 33 au 43, nani muongo?

*Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari. Nilitaka kidato cha pili wajifunze kuchora grafu kwa kutumia vifo vya watoto wachanga hapa nchini Tanzania, nimekwama. Gazeti moja limeandika wanakufa 24 kwa kila 1,000, jingine 33, na mheshimiwa mmoja redioni akasema 43. Wote wanataja utafiti uleule wa 2022. Mwanafunzi akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani muongo?" Nisaidie kabla sijaingia tena darasani.*
*— Mwalimu, Kilosa*

Marahaba, mwanangu. Mwambie hakuna muongo, ila kuna neno linalotuchanganya, nalo ni hilo "mchanga". Mtoto aliyezaliwa leo alfajiri tunamwita mchanga. Huyohuyo akifika miezi minane, kakaa mkekani anamnyang'anya dada yake kijiko cha uji, bado ni mchanga. Watu wa takwimu hawana uhuru huo. Wao wameweka mipaka: siku 28 za mwanzo, mwaka wa kwanza, na miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 wanafariki ndani ya siku 28, 33 kabla ya kutimiza mwaka, na 43 kabla ya kutimiza miaka mitano. Wale 24 wamo ndani ya 33, na hao 33 wamo ndani ya 43, kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa. Basi wasizijumlishe.

Tena kuna mtego. Namba 43 utaikuta na kwenye utafiti wa 2015–16, lakini pale ni ya watoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtu asiyesoma kichwa cha jedwali atakwambia hakuna kilichobadilika kati ya tafiti hizo mbili, na atakuambia kwa kujiamini kweli.

Kwa grafu yako chukua mstari wa mwaka mmoja. Andika ubaoni: 1991–92 walikuwa 92; 1996 walikuwa 88; 1999 walikuwa 99; 2004–05 walikuwa 68; 2010 walikuwa 51; 2015–16 walikuwa 43; 2022 walikuwa 33. Yaani kutoka mtoto mmoja katika kila kumi hadi mmoja katika kila thelathini, ndani ya muda ambao binti huzaliwa, akakua, akawa na mwanawe.

Wataiona ile nundu ya 1999. Wataalamu watakuambia utafiti wa mwaka ule ulikuwa mdogo, na namba ya utafiti mdogo huyumba, usiiapie. Ni kweli. Ila mimi nilikuwepo, na sikushangaa ilipotoka.

Mwaka 1998 nilikuwa kwenye zahanati moja Bonde la Kilombero. Mvua za El Niño zilikuwa zimetuachia madimbwi kila kona. Mama analeta mtoto ana homa, tunampa klorokwini ya maji, dawa ya malaria. Chungu ile, nusu anaitema kwenye khanga ya mama yake. Siku ya nne wanarudi na homa ileile. Nafungua kiganja cha mtoto nakikuta cheupe kama karatasi, damu imekwisha. Klorokwini ilikuwa imeshachoka, na sisi tukaendelea kuigawa hadi ilipoondolewa 2001. Kulikuwa na watoto wa namna nyingine pia, ambao kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulipanda hadi mwezi wa nne, ukalala, kisha ukaanza kuteremka. Tulijua ni nini. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI hatukuwa na dawa ya kumkinga mtoto. Zile zilisambaa miaka ya 2000 ilipoendelea. Tulimwambia aongeze karanga kwenye uji.

Baada ya hapo mambo yalikuja yakifuatana. Huku kwetu Kilombero na Ulanga chandarua chenye dawa kilitangulia: tangu 1997 watafiti wa afya wa Ifakara walikuwa wanakiuza kwa jina la Zuia Mbu, wakawa wanahesabu na watoto. Walikuta uwezekano wa kuishi umepanda kwa asilimia 27 kwa wanaolala ndani yake, watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 ikaja hati punguzo. Mjamzito anapewa kikaratasi kliniki, anakikunja ndani ya kadi, anakwenda nacho dukani, anaongeza pesa kidogo anatoka na chandarua. Mwishoni mwa 2006 dawa mseto ya malaria ikashika nafasi. Mwaka 2009 chanjo ya magonjwa matano katika sindano moja, na Januari 2013 chanjo za nimonia na za kuhara. Kuna wodi nilizozijua zimejaa, watoto wawili wawili kitanda kimoja, zikaanza kuwa na vitanda vitupu msimu wa mvua. Hilo niliombea miaka mingi.

Lakini rudi kwenye maneno yale: "mwezi mmoja hadi miaka minne". Hapa ndipo darasa lako lifanye kutoa. Mwaka 2004–05, katika wale 68, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa 32. Waliobaki, 36, walifariki kati ya mwezi wa kwanza na mwaka. Mwaka 2022, toa 24 kwenye 33, unabaki na 9. Wachoree mistari miwili. Mmoja umetoka 36 hadi 9, umeporomoka kama embe. Mwingine umetoka 32 hadi 24, unajikokota. Karibu robo tatu ya vifo vyote vya mwaka wa kwanza sasa vimo kwenye zile siku 28. Mtu akikuonyesha mstari mmoja tu wa jumla, amekuficha hilo, hata kama hakukusudia.

Chandarua hakimsaidii mtoto aliyezaliwa hapumui. Chanjo haimfikii njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja na robo. Hao wanahitaji mtu aliye macho saa nane usiku, taa inayowaka, na ambu, ule mfuko wa mpira wa kumpulizia mtoto hewa, uwe mezani na si kwingineko.

Nasema mezani kwa sababu yangu. Mwaka 2003, kwenye kituo ambacho sikitaji, nilizalisha mama mmoja usiku wa manane. Mtoto wa kiume, mkubwa, mzuri, kimya. Nilishika kitovu, kilikuwa kinadunda chini ya vidole vyangu. Ambu tulikuwa nayo moja. Ilikuwa ndani ya kabati, kabati limefungwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkuu wangu, na mkuu wangu alikuwa kwenye semina wilayani. Nilimpulizia kwa mdomo juu ya kipande cha gozi hadi nikasikia kizunguzungu. Kitovu kikaacha kudunda. Nikamwambia mama kwamba mtoto alizaliwa ameshakufa, na kwenye kitabu cha leba nikaandika hivyohivyo: amezaliwa mfu. Haikuwa kweli. Niliandika kwa sababu mfu haleti maswali, na mtoto aliyekufa mkononi mwa mkunga huleta.

Tangu 2009 wakunga wa hospitali nane za hapa nchini walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza. Walijifunzia kwa mwanasesere wa kujazwa maji, ili mikono izoee uzito. Vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Na waliokuwa wakiandikwa "mfu" nao wakapungua kwa asilimia 24. Mwalimu, mfu hafufuki kwa ambu. Maana yake ni kwamba baadhi ya wale wafu wa vitabuni walikuwa kama yule wangu.

---

*Asalaam aleikum Mama Mkunga. Nyinyi Watanzania mmejisifu sana toleo lililopita kwa kupunguza vifo vya watoto. Na sisi Kenya je, au hatumo?*
*— Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam, mwanangu. Mmo, tena nundu yenu ni kubwa kuliko yetu. Mwaka 1989 watoto waliofariki kabla ya mwaka walikuwa 60 kwa kila 1,000, mkatuacha mbali kabisa. Mkaanza kupanda: 62 mwaka 1993, 74 mwaka 1998, 77 mwaka 2003. Miaka kumi na minne ya kurudi nyuma, na asiyeamini kwamba mstari huu unaweza kupanda nampeleka kwenu. Kisha mkateremka hadi 52 mwaka 2008–09, 39 mwaka 2014, na 32 mwaka 2022. Sasa mmetuzidi kwa mtoto mmoja, hongereni. Ila usishangilie bado, tazama siku 28: 22 mwaka 2014, 21 mwaka 2022. Miaka minane, mtoto mmoja. Ugonjwa wetu ni mmoja.

---

*Salaam Mama Mkunga. Nina miaka 71, sijawahi kuona mtu akija kwangu kuniuliza habari ya vifo. Namba hizi mnazitoa wapi? Na mnavyotisha watu kuhusu kuzalia nyumbani! Sisi tumezaliwa saba, wote nyumbani, kwa mkono wa mkunga wa jadi, na wote saba tupo hadi leo.*
*— Mzee wa Muheza*

Salaam, mzee mwenzangu. Hawakuja kwako kwa sababu hawawaulizi wanaume wazee. Vizazi na vifo vingi havifiki kwenye daftari la serikali. Mtoto wa siku tatu huzikwa kabla mtu hajakumbuka cheti. Kwa hiyo huchaguliwa maeneo kwa bahati nasibu, nchi nzima, na ndani ya nyumba zilizochaguliwa wanaulizwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kila mmoja anaombwa aeleze watoto wake mmoja mmoja, tangu wa kwanza: wa kike au wa kiume, kazaliwa lini, yu hai, na kama hayupo, alikuwa na umri gani.

Kazi hiyo niliifanya mara moja, niliomba likizo nikawa mhojaji. Sitasema wapi. Nakumbuka mama mmoja alikuwa ukumbini kwake anachambua mchele kwenye ungo, anajibu huku vidole vinakwenda. Watoto watano. Wote wako? Wote wako. Kuna aliyezaliwa hai kisha akafariki? Hakuna. Sasa dodoso linakulazimisha usiishie hapo, unatakiwa uulize tena: hata aliyelia tu, au aliyeonyesha dalili ya uhai, kisha hakuishi? Vidole vikasimama. Akatoa chuya mbili tatu, akazitupa, akasema, "Huyo alilia. Alilia kidogo hivi. Lakini hatukumpa jina." Nikarudi nyuma kwenye ukurasa, watano wakawa sita, na mstari mmoja nikaujaza: siku 0.

Kwa hiyo namba unazoziona zimejengwa kwa kumbukumbu za akina mama, na kumbukumbu hizo zinategemea waliambiwa nini leba. Yule mama wangu wa 2003, mhojaji akimfikia na swali hilohilo, atajibu kwa dhati kabisa kwamba mwanawe hakulia wala hakuonyesha uhai. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Mtoto yule hayumo kwenye 32 ya miaka ile, na naamini hayuko peke yake. Ndiyo maana nikiona mstari wa siku 28 hauteremki sana, wakati mwingine najiuliza kama hautokani pia na sisi kuanza kuandika ukweli. Hilo ni wazo langu tu, usilipeleke kwenye mkutano wa kijiji.

Na hao ndugu zako saba. Sina ugomvi na mkunga wa jadi, mimi mwenyewe nilipokelewa na mmoja, mikono yake ilinuka mafuta ya nazi mpaka anakufa. Ila umenihesabia waliopo, na waliopo ndio pekee wanaoweza kuhesabika ukiwatazama. Kama bado kuna shangazi au mama mdogo wa rika la marehemu mama yako, mfuate, kaa naye pembeni pasipo na watoto. Usimuulize "tulikuwa wangapi". Muulize mama alibeba mimba ngapi, na katika waliozaliwa, yupi alilia akanyamaza. Mpe muda. Kisha uniandikie tena, hata kama jibu ni saba.