Waya wa winchi: kwa nini unabadilishwa ungali unang'aa

Ndugu, umeuliza kwa nini waya wa winchi ya helikopta ya uokoaji unabadilishwa ilhali kwa macho hauna kasoro. Una unene wa takriban milimita 5 tu, na winchi nyingi hubeba hadi kilo 272. Mzigo ukiushtua ghafla, nyuzi za ndani huweza kukatika, za nje zikibaki nzima.

Ili kuukagua, ufungue waya wote, uupitishe polepole kwenye kitambaa cha pamba: uzi wa nje uliokatika utanasa kitambaa. Kagua zaidi karibu na kulabu. Nyuzi zikifumuka na kuvimba, tafadhali usijaribu kuunyoosha, badilisha. Ukitoka baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe kabla ya kuukunja. Kilipuzi cha kukatia waya (baruti ndogo ya kuukata wakati wa dharura) nacho kina tarehe ya kuisha, wengi hukisahau.