Gegedu likishalika, linarudi?

SWALI: Assalamu alaikum dokta, mie ni mama wa miaka 61 niko Wete. Goti langu la kulia huu mwaka wa pili linanisumbua, asubuhi nikiinuka limekaza kama limetiwa gundi mpaka nitembeetembee ndo linalegea, nikipanda ngazi linatatarika, na kukaa kwenye mbuzi nshasahau, nazi siku hizi wananikunia wajukuu. Nimepiga eksirei nikaambiwa gegedu limelika, ni umri. Sasa kuna kijana anapita mitaani anauza unga wa kopo elfu 85, ati unaotesha gegedu upya kwa miezi mitatu. Ninunue, au ndo basi tena?

JIBU: Waalaikumu salaam mama. Elfu 85 yako ibaki mkobani kwanza halafu tuzungumze.

Gegedu unalijua vizuri tu, miguu ya mbuzi mingapi ushaikata sikukuu? Pale mfupa unapokutana na mwenzake pana kitu cheupe kinateleza hata kisu hakishiki, ndo hilo. Sehemu kubwa ni maji, yamekamatwa na nyuzi za kolajeni, na seli zake chache mno, zimekaa mbalimbali kama nyumba za shamba. Damu haifiki humo. Ngozi ukijikata damu inakuja na vifaa vyote vya kurekebishia, ila gegedu likichanika hakuna anaekuja. Umri ukienda seli zinachoka, nyuzi zinakakamaa na kugeuka manjano, linaanza kulika.

Na nyuzi zenyewe ni zilezile za ujana wako. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walipima magegedu ya magoti ya watu kwa kufuata kaboni ilotapakaa hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo ikiingia mwilini inaonesha nyuzi ziliumbwa lini, wakakuta kolajeni ikishaumbwa ukiwa mdogo haibadilishwi tena, hata goti likiugua. Yaani kanga inakuja doti, hii tumepewa upande mmoja.

Kwa iyo goti lilolika kwa umri kulirudisha likawa jipya, hapana, dawa iyo bado. Waswidi walitangaza mwaka 1994 njia ya kuchukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara na kumrudishia, lakini ile inamfaa kijana alieumia mpirani gegedu likatoboka pahala pamoja. Panya wa maabara ndo kila siku wanaoteshwa magegedu, bahati yao. Kopo la kijana wako sijaliona, ila nyingi za namna iyo ni glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, na Marekani walishaijaribu katika utafiti wa watu zaidi ya 1,500, matokeo yakatoka 2006, kwa jumla haikupita vidonge vitupu visivyo na dawa.

Lakini sikia, hapa ndo watu hawaambiwi. Gegedu halina mishipa ya fahamu, haliumi! Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo, na misuli ilodhoofika. Maana yake goti linaweza kupoa maumivu bila gegedu kuota hata chembe.

Uanze na paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti linyooke sawa, hesabu mpaka tano, shusha taratibu. Mara kumi, asubuhi na jioni, kila siku, na wiki za mwanzo utaona kama mchezo tu lakini usiache. Tembea pia, kwani gegedu linakula kama sifongo, ukikanyaga linakamuliwa, ukiachia linanyonya ute wa kiungo wenye chakula chake, kwa iyo kukaa barazani kutwa ni kulishindisha njaa. Na kama una mwili, kila kilo unayopunguza goti linapumzika kama kilo nne kwa kila hatua. Mbuzi ya nazi waachie wajukuu, na kusali kwenye kiti wala usione haya.

Sindano za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, zinatuliza, ila usizigeuze mazoea. Utafiti wa 2017 waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili gegedu lao lilipungua zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Mafuta ya karafuu jipake upendavyo, yanapasha moto ngozi, gegedu hayalifikii. Goti likivimba ghafla likawa la moto na homa juu, au likigoma kabisa kukunjuka, hospitali siku iyoiyo.

SWALI: Dokta, supu ya makongoro inaongeza gegedu kweli? Mie naipiga kila asubuhi. Msomaji, Jang'ombe.

JIBU: Ile kolajeni ya kongoro ikifika tumboni inasagwa vipandevipande kama nyama nyengine yoyote au maharage, na mwili hauvipeleki gotini ati kwa sababu vimetoka mguuni. Kunywa kwa utamu wake. Ila yale mafuta yanayoelea juu yaengue, maana yakishakuwa tumbo anaeyabeba ni goti hilohilo.