Usiseme "Mkono", Niambie Wapi: Maswali na Majibu ya Mifupa

SWALI: Daktari, mkono waniuma tangu juzi. Ni mfupa gani? (Kisauni)

Wangapi wameniuliza hivi mwezi huu! Mkono kwa Kiswahili huanzia begani ukaishia kuchani, na humo mna mifupa 32 ukihesabu na ya bega. Nitaujuaje ulio na kasoro? Hata "kiwiko" nimekichoka: mmoja akikitaja ana maana ya kisugudi, pale mkono unapokunjika katikati, mwingine kifundo cha mkono, nami nikikisia vibaya nitampeleka mtu kupigwa picha mahali pasipouma. Chukua kidole kimoja, bonyeza polepole mpaka upate panapouma kuliko pote, kisha uniandikie: ni upande wa kidole gumba au wa kidole cha mwisho, juu ya mkunjo au chini yake, na kama ulianguka. Hapo tutazungumza.

SWALI: Mwalimu anasema mifupa ya mikono na miguu ni 126, kitabu changu kinasema 120. Nani kakosea? (Mwanafunzi, Tudor)

Hapana aliyekosea, mwanangu. Hesabu mkono mmoja bila bega: mfupa 1 wa juu, 2 ya kigasha (kutoka kisugudi hadi kifundo), 8 ya kifundo, 5 ya kiganja, 14 ya vidole. Jumla 30. Sasa mguu: paja 1, pia ya goti 1, muundi na fibula, ule mwembamba ulio kando yake, 2, kifundo pamoja na kisigino 7, wayo 5, vidole 14. Ni 30 tena. Zidisha, upate 120. Kisha ongeza ile inayounga mikono na miguu na kiwiliwili: mitulinga 2, makombe ya bega 2 na mifupa ya nyonga 2. Hiyo ndiyo 126, kati ya 206 ya mwili mzima.

Ila usikariri hesabu ukaacha maana. Mifupa ya nyonga imebanana na uti wa mgongo kwa kano nene sana, kwa kuwa inabeba kiwiliwili chote. Kombe la bega limeachwa juu ya mbavu, limeshikwa na misuli tu, na mtulinga peke yake ndio unaoliunganisha na mfupa wa kifua. Kwa ulegevu huo waweza kujikuna mgongoni kwa mkono, na kwa ulegevu huo huo bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga. Kwenye mtihani, angalia kwanza kama swali limetaja bega na nyonga.

SWALI: Tulikuwa tukikimbilia feri, nikamvuta mwanangu wa miaka miwili kwa mkono mmoja. Tangu hapo hauinui, unaning'inia tu. Mamamkwe asema apelekwe kwa mkandaji. (Mama, Likoni)

Kwa umri huo na mvuto huo, kinachotokea sana ni hiki: rediasi, ule mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba, hushikwa pale kisugudini na pete ya kano. Mtoto akivutwa, pete huteleza juu ya kichwa cha mfupa ikanaswa ndani ya kiungo. Huwapata zaidi wa mwaka 1 hadi 4, wakati pete hiyo bado ni laini. Tabibu anayeijua kazi huirudisha kwa kuuzungusha mkono mara moja, na mara nyingi mtoto hupokea peremende kwa mkono huo huo kabla hamjatoka mlangoni. Mpeleke leo. Na siku nyingine penye msongamano wa feri, mbebe.

Lakini nisikilize, mama, na mamamkwe asikie pia. Mtoto akiwa ameanguka, na kisugudi kimevimba, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mfupa wa juu wa mkono ni mwembamba sana pale juu kidogo ya kisugudi, na watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7, huvunjika hapo. Mbele yake unapita mshipa mkuu wa damu unaolisha kigasha na vidole. Ukikanda, unausukuma mfupa uliochongoka kwenye mshipa. Ukifunga gango, yaani vijiti vya kuushikilia mfupa, kwa nguvu, uvimbe unakosa pa kwenda, damu haifiki, na misuli ya kigasha hufa kwa saa chache tu. Niliwahi kumpokea mtoto aliyefungwa vipande vya upongoo siku tatu. Mfupa uliunga, tena vizuri, lakini vidole vilijikunja kama makucha na havikunyooka tena. Sijamsahau mtoto yule.

Tazameni vidole: vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, au mtoto akipiga ukelele ukimnyooshea, fungueni kila mlichofunga na mwondoke saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Ikiwa ni plasta ya hospitali, irudisheni ikapasuliwe. Msingoje kukuche.

SWALI: Ni mafuta gani mazuri ya kukandia mfupa uliovunjika? (Wasomaji wanne, Kongowea hadi Changamwe)

Hakuna.

SWALI: Kualisha vidole huleta baridi yabisi? (Majengo)

La. Ule mlio ni wa kiputo cha gesi ndani ya ute wa kiungo.

SWALI: Niliteleza nikaangukia kiganja. Eksirei ikasema hapana kitu. Hii wiki ya tatu, mkokoteni siwezi kuushika, na pananiuma kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba. (Hamali, Marikiti)

Hivi ndivyo swali linavyoandikwa! Kishimo hicho, kinachojitokeza ukikinyanyua kidole gumba, chini yake kuna skafoidi, mmoja wa mifupa minane ya kifundo, mdogo na uliopinda kama korosho. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kwanza, hujitokeza baada ya siku 10 hadi 14. Kwa hivyo "hapana kitu" lilikuwa jibu la siku ile tu. Rudi ukapigwe nyingine, na uwatajie jina skafoidi.

Usichelewe. Damu ya mfupa huu huingilia zaidi upande wa vidoleni, ikarudi nyuma kuelekea kigasha. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma chaweza kukosa damu kikafa, na kwa miaka kifundo kizima kikaharibika. Mpaka ujue, mkokoteni ausukume mwingine. Na nyinyi mnaosoma picha, nawaomba: mtu aliyeangukia kiganja mwambieni arudi siku gani. Hamali hawezi kulibahatisha hilo mwenyewe.

SWALI: Bibi ameanguka bafuni. Mguu wa kulia umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Majirani wasema nyonga imeteguka, avutwe. (Mji wa Kale)

Msimvute! Kwa mzee aliyeanguka hivyo, fikirieni kwanza shingo ya mfupa wa paja, ile sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga. Sote twaita pale "nyonga", na neno hilo linawapoteza majirani zenu: mfupa wa nyonga huenda ni mzima, uliovunjika ni wa paja. Mishipa inayolisha kichwa hupanda kupitia shingo hiyo, ikichanika kichwa hufa. Ndiyo maana wazee wengi huwekewa kiungo cha bandia.

Mlazeni chali, mto katikati ya miguu, mumteremshe na godoro lake kwenye hizo ngazi nyembamba, polepole. Na asiachwe kitandani miezi eti apumzike. Kulala huko huleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni, na wengi hufa kwa hayo. Ulizeni upasuaji mapema.

SWALI: Ndugu yangu ni mkwezi. Ameanguka mnazini akatua kwa miguu. Visigino vimevimba, atembelea vidole. Picha ya visigino yatosha? (Mwakirunge)

Haitoshi. Kishindo kilichopiga visigino hupanda kwenye muundi, paja na nyonga, kikafika pingili za kiunoni, na wakati mwingine huvunjika vyote viwili, kisigino na pingili. Asitembee hata hatua moja, iwe kwa vidole au kwa kuegemea mtu. Mchukueni juu ya ubao, mumwulize kama miguu ina ganzi na kama mkojo unatoka. Daktari akitazama visigino tu, mwambieni alianguka kutoka wapi, mumwombe picha ya mgongo.