Pakiti igeuze kwanza

Nilipoambiwa ugonjwa wa figo zangu umefika hatua ya nne kati ya tano, adui niliyemjua alikuwa chumvi peke yake. Basi nikaona biskuti zilizoandikwa kwa maandishi makubwa "chumvi kidogo", nikazichukua na kuzila kila jioni bila wasiwasi. Vipimo vya damu vilivyofuata vikaonyesha potasiamu imepanda. Mtaalamu wa lishe akataka kuiona pakiti yenyewe. Akaigeuza na kuweka kidole kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo mgongoni: kloridi ya potasiamu. Chumvi ya kawaida ilipunguzwa kweli, ila nafasi yake ilijazwa kitu ambacho figo zangu hazina nguvu ya kukitoa.

Tangu siku hiyo naanzia nyuma ya pakiti. Kwenye orodha ya viambato natafuta neno lolote lenye herufi "phos", maana hiyo ni fosfeti, yaani fosforasi ya kuongezwa kiwandani, ambayo nayo figo zangu hushindwa kuitoa, na mwili huifyonza karibu yote. Fosforasi ya asili iliyo kwenye karanga au maharage hufyonzwa sehemu tu. Ndiyo maana kiganja kidogo cha karanga zisizo na chumvi hakinitishi kama soseji, jibini ya kusindikwa au soda nyeusi. Kisha natazama sodiamu. Wengi wetu hushauriwa tusizidi miligramu 2,000 kwa siku, sawa na gramu 5 hivi za chumvi. Angalia pia kipimo cha mlo: tarakimu unayoisoma huenda ni ya theluthi ya pakiti, na wewe unaimaliza yote.

Nyumbani natafuna bisi nilizokaanga mwenyewe bila chumvi, au tufaha. Tufaha la wastani lina kama miligramu 200 za potasiamu, ndizi mbivu inakaribia mara mbili yake. Zabibu nazigandisha kwenye friza, namung'unya moja moja kiu inaponibana, kwa kuwa maji nayo nimepimiwa. Zabibu kavu nimeacha: zikikauka potasiamu inabaki yote, na mkono hauoni kiasi.

Lakini nakusihi, usiyakimbie matunda yote kwa hofu. Kama potasiamu yako iko sawa, huenda huna sababu ya kujinyima, na ukifunga choo mambo huharibika zaidi, kwani sehemu ya potasiamu hutoka mwilini pamoja na kinyesi. Tunda moja tu sina mjadala nalo: karambola (star fruit), lile ambalo ukilikata vipande vinatoka na umbo la nyota. Kwa mgonjwa wa figo lina sumu inayoshambulia ubongo. Huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, hata degedege na kifo. Usilionje.

Ukienda kliniki, beba pakiti tupu za vile unavyotafuna kweli, hata zile unazoona aibu kuzitaja.