Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Koili Moja Huzunguka na Nyingine Hutetemeka Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, jijini Mwanza. Wanafunzi wangu wametengeneza mota ndogo kwa betri moja kubwa ya tochi, pini mbili za kufungia nguo, sumaku ya spika mbovu iliyowekwa chini, na koili ya waya wa shaba wenye vanishi, yaani utando unaozuia umeme kupita. Baadhi ya koili zinazunguka vizuri, lakini nyingine zinatikisika mbele na nyuma kisha zinatulia, ingawa kwa macho zote zinafanana. Aidha, tulipopima kasi tulianza na koili ya raundi 10, tukafuata ya raundi 20, tukamalizia na ya raundi 30, na kasi ikazidi kupungua badala ya kuongezeka. Je, si kweli kwamba raundi nyingi huongeza nguvu? — Mwalimu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, ni kweli, lakini kabla ya kulinganisha raundi ni lazima kwanza kila koili iwe inapokea umeme kwa wakati unaostahili, na hapo ndipo mota nyingi za darasani hukwama.

Koili inapokuwa imesimama wima juu ya sumaku, mkondo unaopita upande wake wa juu na ule wa upande wa chini huelekea pande tofauti, hivyo sumaku huusukuma upande mmoja kushoto na mwingine kulia, na koili huanza kugeuka. Ikishageuka nusu mzunguko, pande hizo hubadilishana nafasi, na mkondo ukiendelea kupita vilevile, msukumo huirudisha koili ilikotoka. Ndiyo maana koili iliyokwanguliwa vanishi kuuzunguka waya wote katika mikono yote miwili, yaani ncha mbili za waya zinazoegemea pini, hutikisika tu. Mkono mmoja ukwanguliwe wote, na wa pili ukwanguliwe nusu moja tu ya unene wake, ili mkondo ukatike katika nusu mzunguko ambayo ungeleta madhara, na koili imalizie nusu hiyo kwa kasi iliyokwisha kuipata.

Hata hivyo, nashuku kwamba wanafunzi wako wamekwangua nusu, ila wamekwangua nusu isiyofaa. Ni jambo la kawaida mwanafunzi kuilaza koili bapa mezani, kwa kuwa ndivyo inavyotulia, kisha kupitisha wembe upande wa juu wa waya. Koili ya namna hiyo hupata umeme kuanzia kabla haijalala bapa hadi baada ya kulala, yaani robo ya mzunguko husukumwa mbele na robo inayofuata husukumwa nyuma, na matokeo ni yaleyale ya kutikisika na kutulia. Kwa kuwa sumaku yenu iko chini, koili ishikwe ikiwa imesimama wima, mkono wake uegemezwe kwenye ukingo wa meza, ndipo upande wa juu ukwanguliwe mpaka shaba ing'ae. Kosa hili halionekani kwa kuitazama koili juu juu, na ndiyo sababu zote zimeonekana kufanana.

Sasa tuje kwenye kasi. Umeeleza kwamba mlipima raundi 10 kwanza na 30 mwisho, nami nachukulia kuwa betri ilikuwa ileile. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.5 una ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia mkondo, mdogo sana wa takriban omu 0.09 kwa kila mita, na koili ya raundi 10 yenye kipenyo cha sentimita 2.5 haifikishi mita moja. Kwa betri, huo ni karibu sawa na kuunganisha ncha zake moja kwa moja, kwa hiyo huchoka haraka na kupata joto. Inawezekana kabisa kwamba mlichopima ni uchovu wa betri. Rudini kwenye koili ya raundi 10 mwishoni mwa jaribio. Ikiwa nayo imepungua kasi, mtakuwa mmempata mhusika. Koili isiyozunguka isiachwe ikiwa imeunganishwa.

Sababu ya pili ni uzito. Raundi zikiwa mara tatu, msukumo huwa karibu mara tatu endapo mkondo haukupungua, lakini uzito nao huwa karibu mara tatu, na msuguano kwenye pini huongezeka pamoja nao. Koili nzito ikiwa haina ulinganifu, hupoteza zaidi. Izungusheni kwa kidole bila betri: ikiwa kila mara inasimama upande uleule ukiwa chini, upande huo ni mzito na mikono inahitaji kunyooshwa.

Kuhesabu mizunguko, bandikeni kipande chepesi cha karatasi kwenye mkono mmoja, kisha rekodini kwa simu yenye uwezo wa video ya mwendo wa polepole. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati, na kila kipimo kirudiwe angalau mara tatu.

Waya ombeni vipande vya waya mpya kwa mafundi wa kusuka mota, kama walioko Nyakato. Uliotolewa kwenye mota iliyoungua huwa na vanishi iliyoharibika, na raundi zake hugusana. Jambo jingine: mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alipozungusha waya kwa umeme mwaka 1821, alitumia bakuli la zebaki. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaifahamu zebaki kutoka kwenye machimbo ya dhahabu na tunajua ni sumu. Jaribio hilo lisomwe tu, lisirudiwe darasani.

SWALI: Je, mota yetu ya darasani ikizungushwa kwa mkono inaweza kuwasha taa ndogo ya LED? — Mwanafunzi, Ukerewe

JIBU: Umeme utatokea, lakini utakuwa chini sana ya volti moja, wakati LED nyekundu huhitaji takriban volti 2. Tumia mota ndogo iliyotolewa kwenye deki mbovu, funga uzi kwenye mhimili wake na uuvute kwa kasi. Taa isipowaka, zungusha kinyume, kwa kuwa LED hupitisha mkondo upande mmoja tu.