Presha ya mkononi haioni mapafu

Ndugu yangu, msiahirishe hiyo picha ya moyo. Umesema mamako anahema akipanda ngazi, miguu imefura, presha wamepima iko sawa, ndo mkaambiwa eko, yaani hiyo picha ya moyo, ingoje mpaka baada ya Idi, na wauliza ale nini. Hiyo "presha iko sawa" ndo iliyomponza babangu hapa Lamu.

Mashine ya mkononi inapima damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo. Upande wa kulia unapeleka damu mapafuni, na huko wastani wa kawaida wa presha ni kama 14 hivi, ukipita 20 ni ugonjwa tayari. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 safi kabisa mkononi na mapafuni kumebana vibaya.

Ukuta wa upande wa kulia ni mwembamba, milimita 3 mpaka 5, haukuumbiwa mzigo mzito. Presha ya mapafuni ikikaa juu muda mrefu unajikaza, unaota nyama, unanenepa, na hapo ndo watu hudanganyika maana mgonjwa bado aenda msikitini polepole na nyumbani mwasema ni uzee. Ukishindwa unatanuka, unausukuma ukuta wa katikati mpaka chumba cha kushoto kinakosa nafasi ya kujaa, vali ya kulia, ule mlango wa damu, inavuja, damu inarudi nyuma, mishipa ya shingo inasimama, ini linajaa, halafu tumbo na miguu. Kama mamako ni hili, basi moyo umeshahangaika kitambo.

Yule wa duka la dawa alotwambia ni pumu, akatuuzia inhela mwezi baada ya mwezi na wala shingo ya mzee hakuitazama, mpaka leo nikipita pale roho yaniuma! Akaongeza vidonge vya maji, uvimbe ukashuka, nyumba nzima tukashukuru, kumbe yametoka maji tu na mapafu yako vilevile. Kufika Mombasa, eko ikaonyesha chumba cha kulia kimekuwa kikubwa kuliko cha kushoto.

Kwa hivyo mwambieni mpigaji picha aandike presha ya mapafu na hali ya upande wa kulia, kisha daktari atafute chanzo, maana tiba yafuata chanzo: vali mbovu, makovu ya TB, damu iliyoganda mapafuni, hata kichocho. Sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, msijinunulie, tatizo likiwa upande wa kushoto yaweza kumdhuru. Mzigo ukiondolewa mapema chumba cha kulia hupungua, waliotolewa mabonge ya damu mapafuni kwa upasuaji imeonekana kwao. Boti za Mokowe, za kuvukia bara, zipo tangu asubuhi, mpelekeni wiki hii.