Kuhusu waridi la jangwani linalopukutisha majani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba waridi lako la jangwani limepukutisha majani tangu baridi ya Julai ilipoingia Nairobi, na kwamba unalimwagilia kila siku ili lipone. Nakusihi uache kulimwagilia leo hii. Mmea huu, Adenium obesum, ambao asili yake ni sehemu kavu za Afrika, zikiwemo za Kenya na Tanzania, huhifadhi maji katika shina lake nene na hupumzika bila majani wakati wa baridi au ukame. Kwa hiyo kupukutika peke yake si ugonjwa.

Kinachonitia wasiwasi ni maji hayo, kwani yanaweza kuozesha shina. Bonyeza sehemu ya chini ya shina: ikiwa ni ngumu, liweke juani na usubiri udongo ukauke kabisa kabla ya kulimwagilia tena; lakini ikiwa imelainika, ling'oe, ukate kwa kisu safi sehemu zote zilizooza hadi ufikie shina gumu lisilo na doa, uliache kivulini mahali pakavu kwa siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo ulipande upya katika mchanga wa chembe kubwa uliochanganywa na kokoto ndogo, kwenye chungu chenye matundu.

Tafadhali vaa glavu unapokata, kwa kuwa utomvu wake ni sumu kali ambayo wawindaji wa Afrika walipaka mishale yao, na watoto wasiguse mabaki. Mbolea isubiri hadi majani mapya yachipue.